Kilichofichwa kinataka kutembelewa

(Maneno ya mwanachama wetu, mfanyakazi wa shirika, kwenye mkutano wa wanachama hapa Kampene. Tumeyaandika namna alivyoyasema. Mahali na majina tumeyaondoa, na kila msomaji ataelewa juu ya nini.)



Mama Prezida ameniomba niseme juu ya ndoo. Najua wengi wenu mlisikia habari yake sokoni kabla ya kuisikia hapa, na sokoni kila mtu anaongeza chumvi yake. Mmoja alisema nimeuza mbegu. Mwingine alisema ndoo iko kwangu Kindu, ninawekea maji ya kunywa. Leo nitaeleza kutoka mwanzo mpaka mwisho, kisha nitasema nilichojifunza, kisha ninyi wenyewe mtaamua. Lakini hili niliseme mbele ya yote: kosa ni langu. Tusiitupie mvua.

Mnakumbuka tulivyofanya. Chama chetu ni cha watu waliokimbia wakarudi. Wengine hapa walikimbia mara moja, wengine mara tatu. Tunajua kwamba nyumba ikichomwa utaijenga tena, manjanja yakiibwa utatafuta mengine au utaezeka majani. Lakini karatasi ikiungua, hakuna wa kukujengea karatasi. Na mbegu ikiliwa na wenye bunduki, msimu umekwenda. Basi tulikaa hapa hapa tukasema: kaye ya kwanza ya likelemba imejaa, ndani yake muna madeni na malipo ya miaka yote, tuitie ndani ya ndoo yenye kifuniko, zile ndoo nyeupe tulizogawiwa na mashirika. Tuongeze kilo tano za karanga za mbegu, na muhuri wa zamani wa chama. Tuifiche mahali mbali na nyumba. Siku mambo yakiharibika, atakayerudi wa kwanza atakuta pa kuanzia.

Ilikuwa akili nzuri. Hata leo nasema ilikuwa akili nzuri.

Kisha mkanichagua mimi. Mlisema: binti huyu amesoma, amemaliza chuo kikuu Kindu, anafanya kazi na shirika, hana maneno mingi. Hakuna hata mmoja aliyeuliza: huyu mtu anakaa Kampene miezi mingapi kwa mwaka? Na mimi sikusema. Nilifurahi kuaminiwa, nikanyamaza.

Nilificha ndoo mwezi wa tisa, mvua zikianza. Nilikwenda peke yangu, nikachimba shimo la kufika magotini, nikaiweka, nikafunika udongo na majani. Nikarudi na furaha kabisa. Mwezi uliofuata kazi ikaniita Kindu. Nilifikiri nitarudi kabla ya Noeli. Mradi ukaongezwa muda, barabara ikawa tope, moto zinalala njiani siku mbili, siku tatu. Nikasema mwezi wa pili, nikasema Pasaka. Nilivuka Lualaba pale Alunguli kuja huku mwezi wa sita, jua limeshaanza.

Nilikuta udongo umebonyea. Kile kifuniko kinazuia vumbi, hakizuii maji, na shimo langu lilikuwa njia ya maji kutoka kilimani; sikuliona hilo mwezi wa tisa kwa sababu lilikuwa bado kavu. Karanga zilikuwa zimeota ndani ya ndoo, kisha zikaoza. Muhuri uko, mpini umeliwa na mchwa. Kaye ilikuwa imeshikana kama chikwanga. Nilijaribu kuianika ukurasa kwa ukurasa. Biki ya buluu ilikuwa imekwenda na maji. Kurasa kama kumi nilizisoma, nyingine zote ni madoa.

Na sasa tuko na neno ambalo wote mnalijua. Mama mmoja wa chama anasema alilipa deni lake la dola 40. Mama mwenzake anasema hakupokea. Wote wawili nimewajua tangu utoto wangu, na wote wawili ni watu wa kweli. Mwandishi wa wakati ule amekwisha kuhama. Kaye ndiyo ilikuwa inajua. Leo wanakaa pembe mbili za hiki chumba, na kila mtu anaona.

Hiyo ndiyo hasara ya ndoo. Karanga tutazipata.

Wapendwa, jambo la kuniumiza zaidi ni kwamba mimi nilipaswa kujua. Niwaambie habari ya nyumbani kwetu, wazee wengine wanaikumbuka.

Mwaka 2002, wakati wa vita ya RCD na Mai-Mai katika Maniema yetu hii, nilikuwa na miaka kumi. Baba yangu alikuwa mtu wa kampuni ya madini zamani, na alikuwa na sanduku ya chuma. Ndani yake aliweka karatasi zake zote za kazi, karatasi ya parseli, na picha za ndoa. Siku tulipotoka kuingia porini, alifukia ile sanduku usiku, peke yake. Hakumwita mama, hakumwita kaka yangu mkubwa. Alisema asiyejua hatapigwa asema. Ilikuwa upendo, najua. Huko porini homa ilimkamata, na hakutoka. Siku za mwisho alimwambia mama maneno machache: nyuma ya nyumba, chini ya mwembe, hatua saba.

Tuliporudi mwaka 2003, nyumba haikuwapo. Mwembe haukuwapo, waliukata wakachoma makaa. Nyuma ya nyumba ni wapi kama nyumba haiko? Hatua saba za nani, za baba mwenye miguu mirefu au za mama? Kuelekea wapi? Tulichimba. Kaka yangu alichimba likizo zote za shule. Majirani walifikiri tunatafuta dhahabu, wakaja nao kuchimba usiku.

Tuliipata miaka minane baadaye, siku ambayo hatukuwa tunaitafuta, wakati wa kuchimba choo. Kutu ilikuwa imeitoboa. Ndani kulikuwa na tope, pasi ya makaa, na kipande cha chuma chenye namba ya kazi ya baba. Hicho chuma mama anacho mpaka leo. Lakini kila mara watu waliposema wajane wa wafanyakazi wa zamani walete karatasi zao, yeye hakuwa na karatasi ya kuleta. Alikwenda mara mbili na kile chuma mkononi. Walimwambia, mama, hii si karatasi.

Kwa hiyo ninajua vizuri siri ya mtu mmoja inavyokufa. Nilijua, na bado nilichimba shimo peke yangu na kwenda Kindu. Baba alikimbia vita, mimi nilikwenda kazini na mshahara. Lakini kwa sanduku na kwa ndoo ni kitu kimoja: mwenye kujua hakuwapo.

Sasa niwapeleke mbali kidogo, mtanisamehe. Mwenzangu mmoja wa kazi alinionyesha jambo kwenye simu lililonichekesha, kisha likanifikirisha.

Huko Marekani na Ulaya kuna mchezo wa kuficha masanduku. Ndiyo, mchezo. Unaitwa jiokashingi. Ulianza mwaka 2000. Zile satelaiti za GPS ni za jeshi la Marekani, na kabla ya hapo raia walipewa ishara iliyochafuliwa makusudi, ikaweza kukosea hata mita 100. Mwanzoni mwa Mei 2000 serikali ya Rais Clinton iliondoa ule uchafu. Tarehe 3 Mei, bwana mmoja aitwaye Dave Ulmer alichukua ndoo nyeusi, akaitia vitabu, kopo la maharage na vitu vidogo vidogo, akaweka na kaye ya kuandika jina, akaificha porini katika jimbo la Oregon. Kisha akatangaza namba za mahali, watu wakaenda kuitafuta. Ndoo! Niliposikia hivyo nilicheka peke yangu. Leo masanduku ya mchezo huo yanapita milioni 3 duniani.

Utasema: watu wana amani mpaka wanaficha maharage kwa kucheza. Ni kweli. Sisi tunaficha ili asipate mtu, wao wanaficha ili apate mtu. Lakini tatizo lao ni letu kabisa. Sanduku likiwa porini, mvua inanyesha, kaye inalowa, mnyama anavunja. Kwa hiyo wameweka sheria, na hizo sheria nilizisoma kama mtu anayesoma barua aliyoandikiwa mwenyewe.

Sheria moja inasema mwenye kuficha ndiye mwenye kutunza. Ni lazima apite kuangalia, na akiambiwa kaye imelowa aende kuibadilisha. Nyingine inasema usichimbe shimo. Nyingine inakataza chakula, kwa sababu wanyama wananusa; lile kopo la maharage la mwaka 2000 lisingekubaliwa tena. Na ile iliyonikamata hasa: kama hukai karibu na mahali hapo, au uko mgeni unayepita tu, hawakubali sanduku lako mpaka uonyeshe ni nani wa karibu atakayelitunza, na huyo mtu awe amekubali. Mwenye sanduku akinyamaza muda mrefu, linaondolewa kwenye orodha.

Yaani watu wanaocheza wamekataa kitu ambacho sisi, ambao si mchezo, tulikikubali. Sisi tuliweka maisha ya chama mikononi mwa mtu anayekaa nusu mwaka Kindu, na hatukumwuliza atafanyaje.

Na si lazima twende Oregon kutafuta mfano. Wazee walio mbele yangu wanajua Bwami kuliko mimi, na ya ndani si yangu kuyasema. Lakini hili liko wazi na limeandikwa hata katika vitabu: kati ya vitu vya Bwami kulikuwa na vya mtu na vya jamaa. Vile vya jamaa viliwekwa kwa mtunzaji mmoja, na yule mtunzaji hakuwa mwenyewe. Alishika kwa jina la wote, wote walijua ni nani anashika, na akifa ilijulikana vinakwenda kwa nani. Mwaka 1948 Leta ya Wabeleji ilikataza Bwami. Vitu vingi vilitoka, leo viko katika majumba ya makumbusho ya Ulaya nyuma ya vioo. Lakini Bwami yenyewe haikufa, kwa sababu ujuzi wake haukukaa kwa mtu mmoja.

Basi babu zetu walijua kutunza pamoja. Sisi vita imetufundisha kila mtu afiche peke yake. Ninafikiri hiyo nayo ni kitu tulichobeba kutoka porini, tumerudi nacho nyumbani bila kukiona.

Sasa nije kwenye mambo ya mkono. Nina mapendekezo sita.

La kwanza, tuchague vizuri cha kuficha. Karatasi ya asili isikae chini ya udongo, hata siku moja. Kaye ya chama tuipige picha kila mwisho wa mwezi, ukurasa kwa ukurasa, picha zikae kwa watu wawili, mmoja hapa na mmoja Kindu. Karatasi za nyumbani pia, karte ya kura, diploma ya mtoto, karatasi ya parseli, zipigwe picha. Picha si karatasi, najua. Lakini mama yangu angekuwa na picha tu, angekuwa na pa kuanzia maneno. Fedha za karatasi msifukie, panya na maji hawachagui faranga wala dola. Petroli na baruti, hapana kabisa. Na mbegu tuzigawe kwa nyumba tano, kila nyumba ipande na kurudisha. Mbegu inatunzwa kwa kupandwa. Tukitaka kuweka akiba kidogo, zikauke vizuri juani, zichanganywe na majivu makavu, na kila msimu zitolewe ziingie nyingine. Ndani ya shimo hubaki vyuma: majembe, mapanga, muhuri. Vyuma vipakwe mafuta ya mashini, si mawese, maana mawese yanaganda na kunata.

La pili, chombo. Ndoo ya kugawiwa haifai peke yake. Tutafute chombo chenye kifuniko cha kukaza kwa kuzungusha, vitu vikae ndani ya saseti mbili zilizofungwa, na tukijaribu kwanza: tukizamishe mtoni usiku mmoja na karatasi kavu ndani, asubuhi tuifungue. Kikae juu ya mawe, kisikae juu ya udongo, mchwa anatoka chini. Na mahali pachaguliwe wakati wa mvua, si wakati wa jua. Wakati wa mvua utaona maji yanapita wapi. Mimi nilichagua wakati bado pakavu, nikaweka ndoo katikati ya njia ya maji.

La tatu, alama. Mti unakatwa, nyumba inaungua, shamba linageuka msitu. Tutumie vitu viwili au vitatu visivyohama, kama jiwe kubwa au kona ya msingi wa nyumba ya zamani ya sementi, na tupime kwa kamba, tusipime kwa hatua. Vijana wataniuliza juu ya GPS. Inasaidia kukufikisha karibu, lakini chini ya miti mikubwa inaweza kukosea mita nyingi, na mita nyingi katika msitu wetu ni siku nzima ya kuchimba. Tena fikirini: simu yenye namba za maficho ikishikwa kwenye kizuizi, umemwonyesha mwenye bunduki njia. Namba zisikae kwenye simu ya mtu anayesafiri. Mimi ndiye wa kwanza kuzifuta zangu.

Hapa niongeze neno kwa watoto na kwa vijana wanaochimba. Ukikuta chini chuma usichokijua, usikiguse, usikipige na jembe, usikitupe mtoni. Rudi kwa njia uliyojia, weka alama mbali nacho, mwambie kapita, naye apeleke neno kwa Leta. Vita ilificha vitu vyake pia, na hivyo hakuna anayevitembelea.

La nne, ziara. Mara mbili kwa mwaka. Ya kwanza mwisho wa mwezi wa nane, kabla ya mvua kushika. Ya pili mwezi wa sita, mvua zikiisha. Waende watu wawili, na wasipite njia moja kila mara, maana njia inayokanyagwa inasema. Wafungue, waangalie, waandike tarehe, wafunge. Ni asubuhi moja tu ya kazi. Mimi ningepewa asubuhi moja ya mwezi wa kumi na moja, kaye ingekuwa hai.

La tano, watu. Hapa kuna ubishi, na nitausema wazi. Mzee wetu mmoja aliniambia juzi: «Binti yangu, siri ya watu watatu ni siri ya soko.» Ninamheshimu, na ana haki. Lakini siri ya mtu mmoja tumeiona inaishia wapi. Ninapendekeza tugawe siri yenyewe. Mmoja ajue mahali, awe mtu anayelala Kampene mwaka mzima. Wa pili ashike ufunguo wa kufuli la chombo. Wa tatu, huyu anaweza kuwa wa Kindu, ashike picha za kaye na bahasha iliyofungwa yenye vipimo, bahasha isiyosema ni kijiji gani. Mmoja peke yake hawezi kuiba. Mmoja akiondoka, wawili wanaweza kuendelea. Mimi ninaomba niwe huyo wa tatu kama mtakubali, au nisiwe kitu chochote kama hamtakubali. Lakini wa kwanza nisiwe tena. Mtu anayekaa nusu mwaka mbali anaweza kushika karatasi. Hawezi kushika shimo.

La sita ni gumu kulisema. Kila mlinzi aseme tangu siku ya kwanza ni nani atachukua nafasi yake akifa, akihama, au akiitwa na kazi. Sisi hatupendi kusema kifo, tunaona kama tunakiita. Baba yangu hakupenda kukisema. Kikaja bila kuitwa.

Ninajua swali ambalo wengine hamjaliuliza. Kwa nini bado tunaficha? Si tumerudi? Watoto wanasoma, soko linafanya kazi, watu wamejenga. Mimi sina jibu la kuwapa wote. Kuna mama hapa ambaye ameshatoa vitu vyake vyote msituni, hata sufuria, akasema nikikimbia tena nitakimbia mikono mitupu, lakini leo nitapikia sufuria yangu. Na kuna baba ambaye bado analala na mfuko umefungwa karibu na mlango. Wote wawili wana haki. Ninachoomba ni hiki: kila mwaka, ile ziara ya mwezi wa sita, walinzi warudi hapa na swali hilo, na mkutano ujibu. Ikiwa mwaka mmoja mtasema hatuhitaji tena chombo cha msituni, basi tukitoe mchana, sote, tukifungulie hapa. Kilichofichwa bila mtu kukumbuka sababu yake ni kitu kilichopotea tu.

Ninamalizia kwa lile neno la dola 40.

Nilikwenda kwa wale mama wawili, mmoja mmoja. Niliwaambia, kaye iliharibika mikononi mwangu, hizo dola 40 nitazilipa mimi, 10 kila mwezi, ili mpatane. Yule anayesema hakupokea aliniambia atafikiri. Yule anayesema alilipa alikataa. Alisema: «Sitaki ulipe wewe. Ukilipa wewe, watu watasema kweli sikulipa, umenifichia aibu. Mimi nataka iandikwe kwamba nililipa.»

Nililala na maneno hayo siku nyingi. Nimeona ana haki. Kilichopotea ndani ya ndoo ni neno lake, na neno halilipwi kwa dola.

Kwa hiyo ninaomba mambo mawili leo, kabla hatujaanza kula. Kwanza, yeyote aliyekuwapo siku ya malipo, au aliyesikia mwandishi akisoma orodha mwisho wa mwezi ule, aje kwa kamati aseme anachokumbuka, hata kama ni kidogo. Zile kurasa kama kumi zinazosomeka ziko hapa mezani, nimezikausha na kuzitia ndani ya plastiki. Kila mtu aje atafute jina lake, aseme hapa nilikuwa, huyu alikaa karibu nami. Kumbukumbu zetu zikiwekwa pamoja, huenda tutapata kurasa nyingine.

Pili, kaye mpya. Nimeinunua kwa fedha yangu, ni hii, ya jalada gumu. Ninaomba ukurasa wa kwanza uandikwe leo mbele ya wote: madeni ambayo watu wawili wanakubaliana, yaandikwe na kusainiwa. Yale ambayo hawakubaliani, nayo yaandikwe, pande zote mbili, namna kila mmoja anavyosema. Hivyo yule mama atakuwa na neno lake katika kaye ya chama, na mwenzake atakuwa na lake, mpaka tutakapojua zaidi. Jioni hii hii tutaipiga picha.

Na mimi, mwezi wa kumi ninarudi Kindu. Safari hii nimelisema mbele.

 Mungu alinde chama chetu. Nimemaliza.